Karatasi ya Mchaichai na Mikate ya Ijumaa

Isevya, Tabora
Alasiri

Mwanangu Tausi,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: mchana tumekula sahani moja na kisamvu umekimaliza wewe. Hali yangu si nzuri, na ndiyo maana naandika badala ya kusema. Umekwenda Kipalapala kumuaga bibi yako mzaa mama, nami namjua yule, hatakuachia kabla hajakukatia mchaichai wa kubeba. Umesema utarudi kabla ya magharibi. Sina muda mrefu, basi, na mkono huu umezoea kukanda unga kuliko kushika kalamu. Usicheke mwandiko.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji ya kunywa, za kuchagua marafiki, mama yako amekwisha kukupa na atakupa tena kesho stendi. Namsikia chumbani anafungua begi lako mara ya tatu na kulipanga upya. Mimi siyarudii hayo. Nina jambo moja tu, nimekaa nalo tangu masika kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, na kesho saa kumi na mbili asubuhi basi lako la kwenda chuoni Morogoro linaondoka.

Jaribio lako la tatu halikufaulu. Mikate iliota ukungu. Mimi niliitupa, nikaweka mingine mahali pake, na nikaandika uongo kwenye daftari lako.

Haya, nimeliandika. Sasa nifuate polepole, maana nataka ulijue lilivyokuwa, lisiwe la kunipunguzia mimi uzito tu.

Unakumbuka ulipokosa nafasi ya chuo mwaka ule wa kwanza. Siku tatu ulikula kama ndege, na siku ya nne ukaja kwenye tanuri ukasema nikupe kazi. Nilikupa kufagia. Wakati huo mikate yangu ya Puge ilikuwa inaniaibisha. Naipakia kwenye basi asubuhi ikiwa mizuri, inakaa rafuni dukani kwa Mama Kulwa siku tatu nne, mvua inanyesha, halafu ananipigia simu: "Baba Tausi, mikate yako imeota ndevu. Nikuletee wembe?" Mimi nacheka naye kwenye simu, nikikata nauma meno. Wewe ulikuwa unasikiliza huku unafagia.

Ndipo ukaniuliza kwa nini bibi yako huweka majani makavu ya mchaichai kwenye mtungi wa kunde. Nikakujibu kwamba ni kufukuza wadudu, kila mtu anajua. Ukasema, "Sasa kama majani yanafukuza wadudu, mafuta yake yatafanya nini kwa ukungu?" Nikakuambia mkate si chai. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, lakini ni dogo, nalisamehe mwenyewe.

Ukachemsha mchaichai kwa sufuria kubwa ya mama yako, ukaukamata mvuke kwa bomba ulilolipoozea kwenye ndoo ya maji. Moto wa kutwa nzima, majani kichaka kizima, na mafuta yaliyopatikana hayakujaza kifuniko cha soda. Ukanunua kichupa cha mafuta ya karafuu sokoni. Ukapika uji mzito wa wanga wa muhogo, ukachanganya humo mafuta kwa matone, ukapaka karatasi za kaki na kuzianika kivulini. Mkate wa kwanza uliofungwa kwenye karatasi ile ulikuwa kama kula sabuni ya kuogea. Mama yako alitema. Ukapunguza matone, ukapunguza tena, mpaka siku moja nikala kipande na chai sikugundua kitu. Siku hiyo niliogopa kidogo, nikajua kwamba mtoto huyu hachezi.

Jaribio la kwanza nililiona kwa macho yangu, na la pili vilevile. Mikate ya karatasi tupu ilichafuka, yako ikabaki safi siku baada ya siku. Hayo ni ya kweli, Tausi. Shika hilo kwa mikono miwili wakati unasoma haya mengine.

Kisha shangazi yako wa Puge akaugua na wewe ukaenda kumuuguza. Uliniachia karatasi zako na daftari, ukaniambia, na sauti yako naisikia mpaka leo, "Baba, usiguse chochote. Oka mikate kumi na miwili, funga, weka kwenye rafu ya juu, kila asubuhi andika unachokiona. Unachokiona tu." Nikakujibu kwamba nilikuwa naoka mikate kabla hujazaliwa.

Ilikuwa Ijumaa. Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, tanuri likachelewa kushika moto, na mikate ikatoka wakati adhana ya kwanza inakaribia. Wewe umekulia kwenye tanuri, unajua sheria: mkate wa moto haufungwi. Unaulaza, unaugeuza, unaweka mgongo wa mkono kwenye tumbo lake, na kama bado kuna joto unauacha. Nimewafukuza watu kazini kwa sheria hiyo. Siku ile niliweka mgongo wa mkono, joto lipo, nalisikia kabisa, nikatazama saa, nikafunga. Mikate yote kumi na miwili. Nikanawa, nikavaa kanzu, nikaenda msikitini nikiwa msafi kama maziwa.

Siku ya nne nikaona doa kwenye mkate wa tatu, chini, pale unapokaa. Nikafungua mwingine, madoa mawili. Siku ya tano mikate sita ilikuwa imechafuka, na kwa ndani karatasi zako zilikuwa na unyevu, zimelainika kama ngozi ya uji. Lakini sikiliza kitu kilichonisimamisha nywele. Nilipofungua, mkate haukunuka. Ulinukia mchaichai na karafuu, harufu safi, harufu ya mkate wa asubuhi ile ile. Nikafumba macho nikanusa tena. Ningekuwa kipofu ningeula mkate ule na kushukuru.

Hapo nilitakiwa nifanye kitu kimoja rahisi. Nichukue kalamu niandike nilichokiona, na pembeni niandike, "Baba alifunga ya moto." Mstari mmoja. Badala yake nikabeba mikate kumi na miwili nikaizika kwenye shimo la takataka, nikaoka mingine, nikaipoza vizuri kama mwanafunzi, nikaifunga kwenye karatasi zako za akiba. Kwenye daftari nikaandika safi. Kesho yake safi. Kesho kutwa safi. Mpaka siku ya tisa ulipoingia na matope ya Puge miguuni, hujanywa hata maji, ukapanda kwenye kiti ukashusha mkate mmoja, ukaufungua.

Ulipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. "Baba, siku ya tisa! Siku ya tisa na mvua yote hii!" Ukanikumbatia nikiwa na unga mpaka kwenye kope. Na mimi nikacheka. Nilicheka na wewe, Tausi, nikakushika mkono tukacheza pale uani, mkate wa siku nne tukiuita mkate wa siku tisa. Katika yote niliyofanya, kicheko kile ndicho kinachoniuma zaidi.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe na jibu la kwanza lilikuwa zuri mno: nilifanya kwa kukupenda. Ulikuwa umekosa chuo mara moja, sikutaka uone jaribio limeharibika. Jibu hilo nililitumia miezi miwili hivi, mpaka likachakaa. La pili ni hili: niliona aibu. Mwoka mikate wa miaka yote hii, nimefunga mkate wa moto.

Nikuambie kitu ambacho hata mama yako alikijua juzi tu. Ulipokuwa darasa la pili, Bi Mwasiti wa nyumba ya kona alifiwa na mumewe, na kwa arubaini akaniagiza mikate. Nilioka siku mbili kabla, kwa sababu nilikuwa na oda nyingine na tamaa. Nikaifunga kwenye mifuko ya plastiki, ya moto vilevile. Asubuhi ya khitma nikakuta vidoa vya kijani chini ya baadhi yake. Nikachukua kisu nikakwangua. Nikapanga upande uliokwanguliwa chini, nikapeleka, nikapokewa kwa heshima.

Nilikuwa nimekaa ukumbini nilipomwona yeye mwenyewe, mjane, anachukua kipande. Akakigeuza. Akakitazama kidogo, akakificha chini ya kisahani, akaendelea kumpa pole mgeni aliyekuwa mbele yake. Hakuinua macho kunitafuta. Hakuniita pembeni. Alimwambia tu binti yake, "Leteni na mihogo, wageni ni wengi," na mikate ikaondolewa taratibu kana kwamba imekwisha.

Tangu siku hiyo alikuwa anapita mbele ya duka langu kila asubuhi. "Shikamoo, Bi Mwasiti." "Marahaba, mwanangu, habari za kazi?" Anatabasamu, anapita, anakwenda kununua mkate kwa mwingine. Miaka yote ile hakunisema, wala hakumwambia mtu. Alinisitiri. Na mimi, badala ya kumfuata nikamwambia, "Mama, nilikosa," nikaikubali sitara ile kama zawadi. Alifariki mwaka juzi na nilibeba jeneza lake nikiwa bado sijamwambia.

Sisi watu wa mji huu tumelelewa hivyo. Nguo ya jirani ikipasuka unatazama pembeni. Mgeni akija nyumba haijakaa sawa, unachoma udi kwanza, ndipo unafungua mlango. Mimi siibezi tabia hiyo; imewaokoa watu wengi, imeniokoa hata mimi. Lakini mama yangu alikuwa na neno lake akikuta samaki wa jana amemwagiwa limau na pilipili ili apite: la kuvunda halina ubani. Alikuwa anasema huku anamwaga sufuria nzima, na sisi tunalala na uji.

Juzi nilimwambia mama yako yote mawili, la arubaini na la daftari. Aligeuka kitandani akanitazama. Kisha akasema, "Baba Tausi, ulimsitiri mwanao. Kuna dhambi gani? Majaribio mawili yalikuwa ya kweli, hilo la tatu lina nini?"

Nikamwambia lina kila kitu.

Akasema, "Na ukimwambia leo, siku tatu kabla ya safari, unamsaidia yeye au unajisaidia wewe?"

Swali hilo nimelizunguka siku mbili nzima. Naona jibu ni yote mawili, na kama nitapata nafuu kidogo kwa kukuumiza wewe, utanisamehe au hutanisamehe, lakini kunyamaza kuna mtu mwingine wa kuumia, na huyo hatumjui hata jina.

Nisikilize hapa, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Yule mwalimu wa chuo chako cha Morogoro amekuandikia kwamba wiki yako ya kwanza tu atakukutanisha na mwenye kiwanda cha mikate. Ulinisomea ujumbe ule mara mbili. Kiwanda kinapeleka mikate shule za bweni, na huyo bwana anataka kuanza kutumia karatasi yako kwa kufuata daftari lako. Mimi simjui bwana huyo ila namjua, kwa sababu waoka mikate wote ni wamoja, tunafukuzana na alfajiri. Gari linapiga honi nje, mikate ina joto, na yeye atafunga. Ataweka mgongo wa mkono kwenye tumbo la mkate, atalisikia joto, atatazama saa. Halafu atafungua daftari lako, nalo litamwambia kwamba hata kwenye masika, siku tisa, safi. Ataamini. Na mtoto wa bweni gizani kwenye bwalo atapewa kipande kinachonukia vizuri. Mkate uliooza kwa kawaida unajisema wenyewe, pua inakataa kabla ya mdomo. Huu hautajisema. Mafuta yako mazuri yatakuwa yameuziba mdomo.

Ulikuwa umevumbua kitu kizuri na jaribio la tatu lilikuwa linakuonyesha mahali kinapokomea: kwenye unyevu, kwenye joto, kwenye haraka za watu kama mimi. Mimi nikakufichia mahali hapo. Nakasirika hata kuandika. Nimevunja kalamu moja, hii ni ya pili, nimeichukua kwenye mkoba wako wa vifaa, utaikuta haina kifuniko.

Babu yangu alizaliwa na mpagazi. Alikuwa akitusimulia kuhusu wale waliopita njia hii ya misafara, Unyanyembe kwenda pwani na kurudi, kwamba mzigo ulikuwa unafungwa na wengine na mpagazi haruhusiwi kuufungua. Anabeba miezi mitatu begani kitu asichokijua. Ukilowa njiani, ukioza, ukivunjika, anayeulizwa akifika ni yeye. Babu alikuwa anacheka anaposimulia, mimi sikuwahi kuona kinachochekesha. Sitaki uende na mzigo nilioufunga mimi, ukaulizwa wewe.

Sitakudanganya mara ya pili kwa kusema kwamba mambo yatakuwa shwari. Sijui. Inawezekana mwalimu yule akakunja uso, akajiuliza na mengine yote ni ya kweli kiasi gani. Inawezekana mwenye kiwanda akageukia kwa mtu mwingine, na wewe ukabaki mwanafunzi kama wanafunzi wengine, uanze upya kuoka na kuhesabu siku. Utakuwa na haki ya kunichukia kwa hilo. Unaweza pia kuamua kunyamaza. Daftari ni lako, jina lililoandikwa juu ni lako, na sitampigia mtu simu nyuma ya mgongo wako. Ila ukinyamaza, utanyamaza ukijua, na nakuombea usiwe na miaka kama yangu ya kuitikiwa salamu na mtu anayejua.

Katika bahasha hii utakuta kipande cha mfuko wa unga. Siku zile tisa, kila baada ya kuandika safi kwenye daftari lako, nilikuwa napanda kwenye kiti, nakichukua kipande hicho kwenye kopo la hamira, naandika cha kweli: mkate wa ngapi, doa upande gani, karatasi ina unyevu au kavu, na saa niliyofunga. Hata mikate niliyoizika, niliifungua mmoja mmoja kwanza nikaandika. Kwa nini mtu aliyeamua kudanganya aandike ukweli pembeni, sijui. Labda mkono ulikuwa na akili kuliko mwenye mkono. Maandishi yamefifia kwa mafuta lakini yanasomeka. Nimeongeza jina langu chini, na tarehe ya leo, na maneno haya: nilifunga mikate hii ikiwa ya moto, kosa si la karatasi wala la binti yangu. Ukitaka kumwonyesha mwalimu, mwonyeshe. Akitaka kunipigia simu, nitapokea, hata kama tanuri linaungua.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini kabisa ya begi, chini ya zile khanga za mama yako, uikute ukiwa umeshafika Morogoro. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili yako, usafiri kwa amani. Nimekaa na wazo hilo tangu asubuhi, na sasa hivi tu nimeliona lilivyo: nilikuwa nataka uisome mahali ambapo sitauona uso wako.

Mbwa wa jirani anabweka, na mama yako amekuita dirishani. Umefika. Nasikia unampa shikamoo na unacheka kwamba mchaichai wa bibi haubebeki. Nimebakiwa na nafasi ya mistari miwili.

Ukimaliza kusoma, usinisitiri, mwanangu. Niseme. Natoka nayo sasa hivi uani, nitakukabidhi mkononi, na nitakaa hapo hapo kwenye benchi mpaka umalize.

Baba yako,
Mrisho